PUNDA AFE, MZIGO UFIKE? HESABU YA MZIGO NA MGONGO

Wahenga walisema, "Punda afe, mzigo ufike." Methali hii tumeifunzwa darasani, tumeitungia sentensi na hata insha. Maana yake ni kwamba mtu akianza jambo alimalize, hata kama ni kwa gharama kubwa. Mimi sina ugomvi na wahenga, lakini nina swali moja dogo: je, punda akifa leo, mzigo wa kesho utafikishwa na nani?

Hapa kwetu Kajiado swali hili si la mzaha. Kutoka Kitengela hadi Isinya, na kutoka Isinya hadi Kajiado mjini na huko ndani vijijini, ni nyumba nyingi ambazo maji yake hayatoki kwenye mfereji. Yanatoka kwenye kisima cha mashine, au kwenye kituo cha maji kilichounganishwa na bomba la Nolturesh linaloleta maji kutoka Loitokitok chini ya mlima Kilimanjaro, kisha yanafika nyumbani juu ya mgongo wa punda. Katika boma za Wamaasai punda kwa desturi ni mnyama wa kina mama. Ng'ombe ni wa baba, lakini punda ndiye mkono wa kulia wa mama. Yeye huleta maji, kuni, unga kutoka sokoni, na wakati wa kuhama hubeba nyumba nzima. Kwa hivyo kujua ni mzigo kiasi gani punda anaweza kubeba ni jambo la kila siku, wala si la madaktari wa mifugo peke yao.

TUANZE NA FARASI

Wengi wetu farasi tumewaona kwenye picha tu, ama tukipita karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kule Nairobi. Lakini farasi ndiye aliyechunguzwa zaidi na wataalamu, kwa hivyo tuanze naye.

Huko kwenye mbio, mpanda farasi hupimwa kwenye mizani akiwa na tandiko lake kabla ya mbio, na akimaliza hupimwa tena. Kama ni mwepesi kuliko uzito aliopangiwa, huongezewa vipande vya risasi. Angalia hapo kitu kimoja: tandiko huhesabiwa. Mgongo wa mnyama haujui hiki ni kiti na huyu ni mtu. Vyote ni mzigo.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walichukua farasi 8 wa kupandwa, wakawapa mizigo ya asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wa miili yao, kisha wakawakimbiza. Kwa asilimia 15 na 20 mambo yalikuwa sawa. Mzigo ulipofika asilimia 25 na 30, mapigo ya moyo yalipanda zaidi, na misuli ikaonyesha dalili za kuumia. Ndiyo sababu watu wengi wa farasi hufuata kanuni ya moja ya tano, yaani farasi wa kilo 450 abebe kilo 90, mtu na tandiko pamoja.

Hata serikali nyingine zimeiweka kanuni hii kwenye sheria. Kule Ugiriki katika kisiwa cha Santorini, punda na nyumbu hupandisha watalii kwenye ngazi ndefu kutoka bandari ya zamani. Mwaka 2018 iliamriwa kwamba mnyama asibebeshwe zaidi ya kilo 100, au moja ya tano ya uzito wake.

JE, PUNDA WETU?

Punda si farasi mdogo. Ana mifupa migumu, hutembea polepole, huvumilia jua na kiu kuliko farasi, na kwa ukubwa wake ana nguvu kumshinda. Kwa kuwa punda wa kazi hatembei mbio, wataalamu wengi humruhusu robo ya uzito wake. Akiwa mzima, ameshiba, njia ni tambarare na si ndefu, anaweza kufika thuluthi. Thuluthi basi ndiyo ukomo. Si kipimo cha kila siku kwa kila punda.

Sasa utaniuliza, "Nitajuaje uzito wa punda, nami sina mizani ya kupimia hata mbuzi?" Swali zuri. Jibu liko kwenye utepe wa fundi cherehani na kitabu chetu cha jedwali za hesabu.

Mwaka 1996 wataalamu wawili, Pearson na Ouassat, walichapisha kanuni waliyoipata baada ya kupima punda wengi wa kazi huko Moroko. Unazungusha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, unasoma sentimita. Namba hiyo unaipandisha kwa kipeo cha 2.65, kisha unagawa kwa 2188. Jibu ni uzito wa punda kwa kilo. Ukisikia kipeo cha 2.65 usikimbie! Hapa ndipo logi zinapofanya kazi, zile logi ambazo tulikuwa tukiuliza kila siku zitatusaidia nini maishani.

Jumamosi moja nilimpima punda wetu. Mzingo wa kifua ulikuwa sentimita 118. Logi ya 118 ni 2.0719. Mara 2.65 ni 5.4905. Toa logi ya 2188, ambayo ni 3.3400, inabaki 2.1505. Antilogi yake ni kama 141. Basi punda wetu ana kilo 141, kumzidi baba yangu mara mbili lakini hafiki hata thuluthi ya farasi wa Ngong.

Ili usisumbuke na logi, nimekufanyia hesabu za mzingo mbalimbali:

Sentimita 105: punda ana kilo 104. Robo ni kilo 26, thuluthi ni kilo 35.
Sentimita 110: punda ana kilo 117. Robo ni kilo 29, thuluthi ni kilo 39.
Sentimita 115: punda ana kilo 132. Robo ni kilo 33, thuluthi ni kilo 44.
Sentimita 120: punda ana kilo 148. Robo ni kilo 37, thuluthi ni kilo 49.

Hizi ni kilo za kukadiria. Punda mwenye mimba au aliyejaa tumbo maji atadanganya kidogo. Lakini ni afadhali kukadiria kuliko kubahatisha.

MITUNGI MINNE

Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi wa lita 20 ukijaa, pamoja na plastiki yake, ni kama kilo 21. Nenda kisima chochote cha huku kwetu asubuhi uangalie punda. Utaona wengi wamefungwa mitungi minne, miwili kila upande. Hiyo ni kilo 84. Ongeza tandiko na kamba kilo 4, zinakuwa 88.

Kwa punda wa kilo 141, kilo 88 ni asilimia 62 ya mwili wake. Mimi nina kilo 52. Asilimia 62 yangu ni kilo 32. Ni kama nibebeshwe mtungi mmoja na nusu mgongoni, nitembee kilomita tatu kwenye jua, kisha niambiwe kesho asubuhi ni hivyo hivyo, na kesho kutwa, mpaka nizeeke. Na punda wa kilo 104 akibebeshwa mitungi hiyo minne, ni asilimia 85. Huyo karibu ambebe punda mwenzake!

Watu husema, "Mbona yeye hatembei akilia? Angekuwa anaumia angeanguka." La hasha. Punda ni mnyama wa kuficha maumivu. Porini mnyama anayeonyesha kwamba ni mgonjwa ndiye anayeliwa na simba. Kwa hivyo punda huvumilia kimya, na siku unapomwona amelala chini amekataa kuinuka, ujue alianza kuumia zamani sana. Si ukaidi huo.

MZIGO UNAKAA WAPI?

Uti wa mgongo wa punda ni kama daraja. Nguzo zake ni miguu ya mbele na miguu ya nyuma. Mahali pa mzigo ni nyuma kidogo ya mabega, juu ya mbavu, kwa sababu mbavu husaidia kushikilia. Ukiusogeza nyuma kiunoni ambako hakuna mbavu, unakuwa umeweka mzigo katikati ya daraja lisilo na nguzo.

Jambo la pili ni usawa. Mtungi wa kushoto ukiwa na lita 20 na wa kulia lita 15, tandiko huvutwa upande mmoja na kusugua ngozi njia nzima. Ndipo vidonda vya mgongo hutokea. Kidonda kikishapata vumbi na nzi, hata kilo 10 ni mateso.

Jambo la tatu ni tandiko lenyewe. Tandiko jema ni nene, laini, na limeacha mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Watu wa Pwani walilijua hili zamani. Kule Lamu, ambako punda ndiye lori la mjini, kuna shogi: mfuko mpana wa kusukwa unaotandazwa juu ya punda ukawa na matumbo mawili, moja kila ubavu. Mzigo huning'inia pande zote mbili badala ya kukaa juu ya mfupa. Koko wangu naye anasimulia kwamba wakati wao walikuwa na mifuko ya ngozi, hakuna aliyefunga mtungi mgumu moja kwa moja kwenye mbavu. Siku hizi sisi tuna kamba ya nailoni na gunia moja jembamba. Hapo tumerudi nyuma.

MKOKOTENI

Kitengela mjini punda wengi hawabebi bali huvuta. Mwenye mkokoteni mmoja aliniambia kwa majivuno, "Punda wangu anavuta mitungi kumi na mimi juu, na hana shida!" Je, anasema kweli? Naam, na tena siyo.

Kwenye mkokoteni uzito unabebwa na magurudumu. Punda kazi yake ni kushinda msuguano. Tuseme mkokoteni ni kilo 100, mitungi 10 ni kilo 210, na mwenyewe ni kilo 60. Jumla kilo 370. Kwenye lami tambarare, magurudumu ya upepo yakiwa yamejaa vizuri, nguvu ya kuuvuta ni kama asilimia 2 tu ya uzito huo, karibu sawa na kuinua kilo 7. Kwenye changarawe ni kama asilimia 4, yaani kilo 15. Punda wa kilo 141 anaweza kuvuta kwa muda mrefu nguvu ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kilo 14 hadi 21. Basi hapo bwana mkokoteni anasema kweli.

Lakini ngoja ufike kwenye mwinuko. Mlima mdogo tu, wa kupanda mita 1 kwa kila mita 20, unaongeza moja ya ishirini ya kilo 370, yaani kilo 18 na nusu. Jumlisha na zile 15, unapata zaidi ya kilo 33. Punda amepita kipimo. Na mvua ikinyesha? Sote tunaujua udongo mweusi wa Kitengela unaonata viatu mpaka unakuwa mrefu kuliko mwalimu wako. Kwenye tope kama hilo mvuto unaweza kufika asilimia 15, yaani kilo 55! Ni punda yule yule, mitungi ile ile, lakini kazi imezidi karibu mara nne kuliko ile ya changarawe. Hapo kiboko hakisaidii. Kinachosaidia ni kupunguza mitungi, kushuka na kusukuma, au kuongeza punda wa pili.

Tena, mzigo wa mkokoteni wa magurudumu mawili lazima ukae juu ya ekseli. Ukijaza mbele, miti ya mkokoteni inamlemea punda mgongoni. Ukijaza nyuma, inamwinua kwa kamba ya tumboni.

SHERIA NA SOKO

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inataja wazi kwamba kumbebesha mnyama kupita kiasi ni kosa. Wengi hawajui. Lakini mimi naona hata bila askari, mfuko wenyewe unatosha kutufundisha.

Hesabu ya watu ya 2009 ilikuta Kenya ina punda zaidi ya milioni 1.8. Ile ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Katikati hapo, kuanzia 2016, vichinjio vya punda vilikuwa vikifanya kazi nchini, na ngozi zikapelekwa Uchina kutengenezea dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Punda waliibwa usiku, hata huku Kajiado, na watu wakaamka kukuta mabaki porini. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ninachotaka tukione ni hiki: punda wamepungua. Zamani punda akifa mtu alisema, "Nitanunua mwingine." Siku hizi huyo mwingine hapatikani kwa urahisi. Na punda mwenye mimba hukaa nayo karibu mwaka mzima, kisha mtoto wake hafai kubebeshwa mizigo mpaka atimize miaka mitatu au minne. Punda mmoja aliyekufa kwa mitungi minne ni pengo la miaka mitano.

Na pengo hilo hujazwa na nani? Tuseme ukweli. Hujazwa na mama na sisi watoto, hasa wasichana. Punda akilala chini Jumatatu, Jumanne kuna mwanafunzi anayefika shuleni saa tatu na shingo inayouma.

"NANI ATALETA ILE MINGINE MIWILI?"

Nilipomwonyesha mama hesabu zangu, alizisikiliza zote, kisha akasema, "Mwanangu, kumbe shuleni mnasoma punda! Haya. Akibeba miwili, nani ataleta ile mingine miwili? Wewe?"

Nilikosa jibu siku hiyo. Mama hakuwa mkatili. Nyumba yetu inahitaji mitungi minne kwa siku, kisima ni kilomita tatu, na yeye ana mguu mmoja unaomsumbua. Hesabu inayomsahau mtu si hesabu kamili. Kumwambia mama "punguza mzigo" bila kumwambia maji yatatoka wapi ni maneno matupu.

Jibu tulilipata kwa jirani, ambaye pia ana punda mmoja na anahitaji mitungi minne. Zamani kila nyumba ilituma mtu mmoja na punda mmoja, mitungi minne, safari moja. Sasa asubuhi mtu wa kwetu huenda na punda wote wawili, kila mmoja mitungi miwili, na maji hayo ni yetu. Jioni jua likipoa, mtu wa jirani huenda na punda hao hao wawili, na maji hayo ni yao. Kila nyumba bado hutuma mtu mara moja kwa siku. Punda wanatembea mara mbili, ni kweli, lakini wanapumzika mchana kutwa, na kila safari mzigo ni nusu. Punda wetu sasa hubeba kilo 46, tandiko likiwemo, chini kidogo ya thuluthi yake. Wa jirani ni mdogo, ana mzingo wa sentimita 110, kwa hivyo mitungi yake hujazwa lita 17 tu na tandiko lake ni jepesi. Tunapoteza lita 6 kwa safari. Mama alinung'unika wiki ya kwanza juu ya hizo lita 6. Kidonda cha punda kilipoanza kukauka, aliacha kunung'unika.

YA KUKUMBUKA

Kwa ufupi, msomaji, fanya haya:

1. Mpime punda wako kifua kwa utepe, ujue kilo zake.
2. Hesabu kila kitu: maji, mitungi, tandiko, na mtoto anayedandia juu wakati wa kurudi.
3. Robo ni salama, thuluthi ni ukomo. Akiwa mzee, mdogo, mgonjwa au ana mimba kubwa, mpumzishe.
4. Sawazisha pande mbili, weka tandiko nene, usiweke mzigo kiunoni.
5. Mkokoteni ukifika kwenye mlima au tope, shuka.
6. Mnyweshe kwanza pale kisimani kabla ya kumfunga mitungi. Ni aibu mnyama kubeba lita 40 za maji akiwa na kiu.

Siku hizi mambo yakiwa magumu Wakenya husema, "Punda amechoka." Husema hivyo juu yao wenyewe. Yule punda mwenyewe hajui kusema, kwa hivyo ni juu yetu wenye utepe na logi kumsemea. Kuhusu ile methali, nawaomba walimu wangu wa Kiswahili wasinikasirikie: iendelee kukaa vitabuni, lakini isifuatwe kisimani.

Kwa hayo machache, natia nanga.

Mwanachama wa Kidato cha Tatu